Pua ya mbwa katika joto la Bagamoyo

*Mbwa wanusaji wamefanya kazi nzuri Masai Mara, Virunga na kwenye lango la Dar es Salaam. Ukanda wetu wa pwani unawahitaji. Lakini je, tunajua ni mbwa gani, na tutamtunzaje?*

Na Mwandishi Wetu

TAREHE 17 Novemba 1874, msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo kwenda bara. Kulikuwa na mamia ya wapagazi, punda, mashua iliyogawanywa vipande ili ibebeke mabegani, na mbwa watano waliovushwa bahari kutoka Uingereza: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack.

Jua lilipopanda, watu walianza kuachana na mstari na kutafuta vivuli. Mbwa waliendelea kutembea kwa sababu bwana wao alikuwa anatembea. Castor, mbwa mkubwa wa aina ya Mastiff, alianguka na kufa kwa joto siku hiyohiyo ya kwanza. Captain alikuwa hoi. Watatu waliobaki walilala chini wakihema.

Miaka 150 imepita na joto ni lilelile. Fika leo soko la samaki la Bagamoyo saa saba mchana, msimu wa kaskazi. Mchanga unaunguza nyayo. Mbwa koko wa pale wanalijua hilo: wamejikunja kwenye kivuli cha ngalawa, wamechimba hadi kwenye mchanga wa chini ulio baridi, na hawatanyanyuka mpaka jua lipungue makali.

Mbwa hao wawili, Castor na koko wa sokoni, ndio wanaonifanya niandike makala haya. Kila shehena ya meno ya tembo, magamba ya kakakuona, baruti au dawa za kulevya inapotajwa kupita ukanda huu, swali linarudi: kwa nini tusiweke mbwa wanusaji kutoka Kunduchi hadi Saadani? Ni swali la haki. Wanaoliuliza, hata hivyo, huwa wanafikiria pua tu, na pua haitembei peke yake.

Pua iliyovishwa mbwa

Tuanze na mbwa mwenyewe. Zipo jamii za mbwa zilizozalishwa kwa karne nyingi kwa kazi moja tu, kufuata harufu ardhini. Anayeongoza orodha ni Bloodhound, mbwa ambaye asili yake hutajwa kuwa ni watawa wa Mtakatifu Hubert katika milima ya Ardennes, huko Ubelgiji ya leo. Wapo pia Beagle, mdogo na mchangamfu, na Basset, mfupi wa miguu na mrefu wa mwili.

Binadamu ana chembe za kunusa zipatazo milioni 5. Bloodhound hukadiriwa kuwa nazo kati ya milioni 200 na 300. Masikio yake marefu hukokota chini, na inaaminika kuwa huichochea harufu ielekee puani. Ngozi yake imekunjamana usoni na shingoni. Mdomo wake umelegea na udenda unamtoka muda wote. Dume hufikia kilo 50 na zaidi.

Tabia yake inawashangaza wanaodhani mbwa wa polisi lazima awe mkali. Bloodhound ni mpole. Akimfikia mtu aliyekuwa anamfuata, ana uwezekano mkubwa wa kumlamba kuliko kumuuma. Lakini ni mkaidi. Akishaikamata harufu hasikii jina lake, haoni gari, hakumbuki kiu. Mwongoza mbwa asiyemjua atamwacha ajichoshe mpaka aanguke, akidhani anamwacha afanye kazi.

*"Akishaikamata harufu hasikii jina lake, haoni gari, hakumbuki kiu."*

Hapa pana tofauti ambayo mara nyingi inachanganywa. Kuna mbwa wa kufuatilia, anayepewa harufu ya mtu kwenye nguo au unyayo na kuifuata porini. Na kuna mbwa wa kugundua, anayefundishwa harufu ya kitu, iwe ni meno ya tembo, bangi au baruti, kisha anakagua mizigo na kukaa chini akiipata. Bloodhound ni bingwa wa kazi ya kwanza. Kazi ya pili hufanywa vizuri sana na mbwa wasio wa ukoo wa wanusaji kabisa: Spaniel, Labrador, Malinois wa Ubelgiji. Beagle ni miongoni mwa wachache wa ukoo huo waliojijengea jina kwenye viwanja vya ndege. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kuwatumia kukagua mizigo ya abiria mwaka 1984.

Anayesema "tuleteeni mbwa wa kunusa Bagamoyo" aulizwe kwanza: wa kufuatilia, au wa kugundua?

Walikofanikiwa

Mifano mizuri ipo jirani. Mwaka 2009 hifadhi ya Mara Triangle nchini Kenya, inayopakana na Serengeti yetu, ilipokea Bloodhound wawili kutoka Marekani. Leo mbwa wa kufuatilia ni sehemu ya kawaida ya doria zao.

Mashariki mwa Kongo, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi chake mwaka 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Mbwa hao, maarufu kama Congohounds, walifundishwa pamoja na askari wa hifadhi huko Rumangabo. Mwaka uliofuata walipelekwa kwenye mzoga wa tembo aliyeuawa na kung'olewa meno, wakaifuata harufu kutoka pale hadi kijijini.

Kwetu, katika eneo la Enduimet chini ya Mlima Kilimanjaro, taasisi ya Honeyguide imetumia mbwa kufuatilia nyayo za majangili. Na mwaka 2014, Usa River karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation lilianza kufundisha mbwa wa kugundua pamoja na waongozaji wao kutoka mamlaka za wanyamapori za nchi za Afrika Mashariki. Baadhi yao walipelekwa Mombasa, Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam.

Msukumo ulikuwa mkubwa. Sensa zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Meno hayo hayakuyeyuka. Yalibebwa barabarani, yakafungwa kwenye makontena, yakapita bandarini. Na pwani hii imeyajua meno kwa muda mrefu: katika karne ya 19 yalifika Bagamoyo kwenye mabega ya wapagazi, yakapakiwa majahazini kwenda Unguja, na mji ukajengeka kwa pesa hizo.

Sasa chukua ramani na utazame mwinuko wa maeneo niliyoyataja. Mara iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Rumangabo iko kwenye miteremko ya milima ya volkano. Usa River na Enduimet ziko chini ya Meru na Kilimanjaro, ambako asubuhi mtu huvaa sweta. Hadithi hizi za kutia moyo za mbwa wa kufuatilia, tunazozisimulia kila mkutano wa uhifadhi, ni hadithi za nyanda za juu. Bagamoyo iko ufukweni.

Joto la pwani ni joto jingine

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, basi. Njia yake kubwa ya kupoza mwili ni kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na mdomo uliolowa, unyevu unageuka mvuke, joto linatoka. Kwenye hewa kavu ya bara njia hiyo inafanya kazi vizuri. Kwenye hewa ya pwani iliyojaa unyevu, mvuke hauna pa kwenda. Mbwa anahema, anahema, na mwili haupoi.

Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mbwa mzito, mwenye ngozi nene iliyokunjamana, aliyezaliwa kwenye ukungu wa Ulaya, anafika huko haraka. Castor alifika huko akiwa anatembea tu, bila kazi yoyote.

Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi wa mbwa hawaambiwi mara nyingi. Kuhema na kunusa havikai pamoja. Mbwa anayehema anashughulika kupoza mwili, na pua haipati nafasi ya kunusa. Kwa hiyo mbwa aliyezidiwa na joto haanguki kwanza. Kwanza anaacha kunusa. Atazunguka kontena, atatingisha mkia, atamaliza mstari mzima wa magunia, na mzigo haramu utapita mbele yake. Karatasi itaandikwa: "Mzigo umekaguliwa na mbwa."

*"Mbwa aliyezidiwa na joto haanguki kwanza. Kwanza anaacha kunusa."*

Hilo ndilo linalonitisha kuliko kifo cha mbwa, ingawa nacho ni cha kusikitisha. Ukaguzi wa uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na ukaguzi, maana unampa mhalifu hati safi.

Utunzaji wa mbwa mnusaji pwani basi unaanza na saa. Kazi ifanyike alfajiri mpaka kama saa mbili na nusu asubuhi, kisha tena jua likishapoa. Alfajiri ina faida nyingine: umande na utulivu wa upepo hushikilia harufu chini. Zamu ya kunusa iwe fupi, nusu saa au pungufu, halafu kivuli na maji. Maji yabebwe na mwongozaji, maana mbwa mwenye kiu ufukweni atakunywa ya bahari, atatapika, na kiu itazidi. Banda lijengwe kwa kufuata upepo wa kusi na kaskazi, paa liwe la makuti au liwe na dari, sakafu isiwe ya bati wala saruji inayopigwa na jua.

Mombasa walipata njia nzuri ya kulikwepa joto hilo. Mwaka 2018 mashirika ya WWF na TRAFFIC, pamoja na idara ya wanyamapori ya Kenya, walijaribu mbinu ya kunyonya hewa kutoka ndani ya kontena kupitia vichujio. Vichujio hupelekwa kwa mbwa, naye huvinusa akiwa kwenye chumba chenye ubaridi. Kontena linabaki juani, mbwa yuko kivulini. Kwa bandari za mwambao huu sijaona wazo la busara kuliko hilo.

Kupe, mbung'o na funza

Joto likishughulikiwa, bado wapo wadudu, na hapa pwani ni tajiri.

Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi kwenye nyufa za kuta za banda lenyewe. Anaeneza ugonjwa wa damu ambao miongoni mwa dalili zake ni mbwa kutokwa damu puani. Hebu fikiria: mnyama uliyemnunua kwa ajili ya pua, na ugonjwa unajitokeza puani. Dawa zipo na zinatibu ukiwahi. Mwongozaji anayepapasa mwili wa mbwa wake kila jioni, kati ya vidole, chini ya mkia, ndani ya masikio, anaokoa zaidi ya daktari anayeitwa mbwa akishaacha kula.

Mbung'o ni habari nyingine. Ukiondoka Makurunge kuelekea Wami na Saadani unaingia kwenye vichaka vyao. Kwa ng'ombe wafugaji wetu wanaujua ugonjwa wa nagana. Kwa mbwa wa kigeni nagana ni kali zaidi, inawavimbisha uso, inawatia ukungu machoni na kuwaua ndani ya wiki chache. Unguja walimaliza mbung'o kufikia mwaka 1997 kwa kuachia madume tasa waliozalishwa Tanga, kazi ya kisayansi ambayo Watanzania wangepaswa kujivunia zaidi. Huku bara haijawezekana. Mbwa atakayefanya doria kuzunguka Saadani bila kupimwa damu mara kwa mara amehukumiwa.

Mbu wa pwani huwapa mbwa minyoo ya moyo. Unyevu unaozesha masikio marefu. Ya Bloodhound na Beagle hayapiti upepo, na yasiposafishwa na kukaushwa kila baada ya siku chache hutoa usaha na harufu mbaya. Kope za Bloodhound zimelegea, kwa hiyo mchanga wa ufukweni unaingia jichoni na kubaki humo.

Na kuna funza. Mdudu huyu si mwenyeji. Alivuka bahari kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, akasafiri na misafara kuvuka bara zima, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani ya mashariki. Hukaa kwenye mchanga mkavu wa vivulini, palepale tunapomlaza mbwa. Nyayo zilizojaa funza hazitembei doria.

Chakula nacho kina sheria zake. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akila mlo mmoja mkubwa kisha akakimbia, tumbo linaweza kujaa hewa na kujisokota; hufa kwa saa chache. Apewe milo miwili midogo, na apumzike kabla na baada ya kula. Ugali wa dona na dagaa humlisha vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani, mradi protini itoshe. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe.

Udenda na udhu

Sasa nije kwenye jambo ambalo ripoti za wafadhili hulipitia kwa mstari mmoja, kama vile wakazi wa pwani ni kikwazo cha kuzungukwa.

Waislamu wa mwambao huu wengi ni wa madhehebu ya Shafi. Kwa madhehebu hayo mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Askari kijana wa Mlingotini au Kaole anayekabidhiwa kamba ya mbwa hakatai kazi. Anawaza sala ya adhuhuri ataisali vipi.

Wapo wanaolichukulia hili kama ushamba. Nawapinga. Wapo pia wanaosema Uislamu haumtaki mbwa kabisa, nao hawako sahihi. Kurani inaruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa, na inamtaja mbwa aliyelala mlangoni pamoja na Watu wa Pangoni. Mafundisho yanakubali mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda shamba. Wamaliki, kwa upande wao, wana rai nyepesi zaidi kuhusu utohara wa mbwa. Masheikh wa Bagamoyo wana elimu ya kulieleza hili kuliko mwandishi wa gazeti, na ningependa waulizwe kabla banda halijajengwa.

Ninachoweza kukisema ni cha upande wa mbwa. Kati ya mbwa wote wanusaji, Bloodhound ndiye anayechuruzika udenda kuliko karibu wote. Akitikisa kichwa, mate yanaruka mpaka kwenye shati la aliyesimama pembeni. Kwa mwongozaji wa Kishafi huyo ni mzigo wa kila siku. Beagle ana midomo mikavu. Mbwa wetu wa kienyeji pia. Ongeza glavu, sare ya kazini inayoachwa kazini, bomba la maji na chombo cha udongo safi bandani, na jambo lililoonekana ukuta linakuwa utaratibu.

*"Askari hakatai kazi, anawaza sala ya adhuhuri ataisali vipi."*

Mbwa wa nyumbani

Kuna hoja nyingine, nami naielekea zaidi kadiri ninavyolitazama suala hili. Inasema: kwa nini kununua pua Ulaya?

Wakulima wa bara ya Bagamoyo wanajua mbwa wa kienyeji anavyofanya kazi usiku wa kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Anasikia, ananusa, anatangulia. Ni mwembamba, manyoya mafupi, masikio yamesimama na yanapitisha hewa. Amechujwa na jua na kupe kwa vizazi vingi; aliyeshindwa hayupo tena. Ni kweli kwamba pua hiyohiyo hutumika kwenye ujangili wa kitoweo, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wanyamapori kwa mbwa. Lakini hilo linathibitisha uwezo wake.

Mbwa wa Kongo wa ukoo unaofanana naye, Basenji, alipelekwa Uingereza miaka ya 1930, na vyama vya mbwa vya Uingereza na Marekani vimemweka kundi moja na Bloodhound na Beagle: mbwa wa kuwinda. Habweki kama wengine, ndiyo maana wawindaji wa msituni humfunga kengele ya mti shingoni. Jina lake linatokana na neno "washenzi", lililosafiri na misafara kutoka pwani hii hii mpaka likaingia Kilingala. Tulimwita mshenzi. Wazungu wakamwandikia vyeti vya ukoo.

Wanaopinga wana sababu. Mbwa wa kienyeji hana kumbukumbu za wazazi wake, tabia zake hazitabiriki, na wengi hawana hamu ya kucheza na mpira au kitambaa, ambayo ndiyo malipo wanayotumia walimu wa mbwa. Kati ya watoto kumi unaweza kupata mmoja anayefundishika. Nakubali. Lakini mmoja huyo hatakufa njiani Novemba.

Na tuna ushahidi kwamba mnyama wa kienyeji anaweza. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi na mabomu ya kutegwa ardhini. Panya mmoja, Magawa, aligundua zaidi ya mabomu 70 huko Kambodia na kupewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Mwaka 2024 watafiti wao walichapisha matokeo ya panya 11 waliofundishwa kutambua meno ya tembo, pembe za faru, magamba ya kakakuona na mti wa mpingo. Kama panya wa Morogoro ameweza, sioni kwa nini mbwa wa Kiromo asijaribiwe.

Kazi ipo

Sisemi haya ili mbwa wasiletwe. Mwaka 2015 watafiti walikokota vinasa sauti chini ya maji kwenye mwambao wa Tanzania kwa takribani mwezi mmoja, wakarekodi milipuko zaidi ya 300 ya baruti ya kuvulia samaki. Zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, yaani katika maji haya ya Bagamoyo na jirani zake. Operesheni zilizofuata zilipunguza sana uharibifu huo. Uvuvi huo ukirudi, baruti itapita barabarani kabla ya kuingia ngalawani, na mbwa mmoja wa kugundua kwenye diko, alfajiri, kabla jua halijawa kali, anaweza kumaliza kazi ambayo boti ya doria haiiwezi.

Ipo pia hofu ya raia, na isipuuzwe. Katika Amerika ya utumwa, mbwa wa kufuatilia harufu waliwindishwa watu. Mbwa akikaa mbele ya begi la mtu, hiyo ni sababu ya kulifungua, si ushahidi wa hatia. Pua hukosea, na mwongozaji mwenye haraka humfundisha mbwa kukosea bila kujua, kwa jicho na kwa kamba. Kila jibu la mbwa liandikwe, sahihi na lisilo sahihi, na mahakama izione kumbukumbu hizo.

Na mwananchi wa kijijini atauliza kwa nini mbwa wa serikali apate daktari wakati mbwa wa mtaani hawajachanjwa. Ana haki. Watafiti walikadiria mwaka 2002 kwamba kichaa cha mbwa huua Watanzania wapatao 1,500 kwa mwaka, wengi wao watoto. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata mnyororo wa ugonjwa huo. Mbwa mnusaji anafanya kazi katikati ya mbwa hao, anapigana nao, anaumwa nao. Chanjo ya mbwa wa Mapinga na Kerege ni kinga yake pia.

Basi msimamo wangu ni huu. Bloodhound abaki Mara na Virunga, anakofaa. Kwenye bandari za mwambao, mbwa mdogo mwenye manyoya mafupi, akinusa vichujio kivulini kama Mombasa walivyojaribu. Kwa vijiji vinavyozunguka Saadani, mpango wa kuchagua na kufundisha mbwa wa kienyeji, ukiongozwa na watu wa Sokoine na Kikosi cha Polisi cha Mbwa na Farasi. Na kabla ya mbwa yeyote kushushwa kwenye gari, yawepo maji, kivuli, daktari wa mifugo wa karibu na chanjo ya mbwa wa jirani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalazimisha mmiliki ampe mnyama mambo hayo ya msingi, na serikali ni mmiliki kama wengine.

Kwa msomaji: ukimkuta mbwa akiwa kazini kwenye bandari au uwanja wa ndege, usimpigie mluzi, usimrushie mkate, usimkimbie. Simama, mwache anuse, amalize. Na ukiumwa na mbwa yeyote, wa serikali au wa mtaani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.